Alteneta Niliyoiua kwa Kuipima

Alteneta ya Mzee ilikuwa nzima siku Land Rover yake ilipoingia gereji kwangu. Niliiharibu mimi, kwa spana yangu, mwenyewe akiwa amesimama pembeni anatazama, kisha nikamwambia imekufa. Akaona, akaamini, akalipa. Nilichokiita kipimo ndicho kilichoiua. Na hilo si baya kuliko yote, maana nililifanya kwa kutojua. Yaliyofuata niliyafanya nikijua.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Moshi. Kipimo ninachokisema kila mwenye gari wa umri wangu amekwisha kukiona. Gari halichaji, betri inalala. Fundi analiwasha kwa kusukuma au kwa kubusti, analegeza kibano cha betri, na injini ikiwa inanguruma anakinyanyua. Injini ikiendelea, alteneta ni nzima. Ikizima, alteneta ni mbovu. Nilimwona mwalimu wangu wa ufundi akikifanya tangu nikiwa spana boi wa kutumwa chai, na nikakifanya mwenyewe kwa miaka bila kujiuliza. Nilikipenda, niseme kweli. Kinakusanya watu. Mteja anasogea, waliokaa kivulini wanainuka kuchungulia, cheche inaruka kwenye risasi ya betri, na jibu linatoka palepale mbele ya mashahidi. Ukipima kwa mita mteja anaona tarakimu tu, na hajui kama ni njema au mbaya mpaka umweleze, na ukianza kumweleza anadhani unamzungusha. Injini ikizima hahitaji maelezo.

Mwalimu wangu alikuwa na udhuru ambao mimi sina. Yeye kazi aliijua kwenye dainamo. Land Rover za Series II na IIA, zilizojaa kwenye idara za serikali, misheni na mashamba ya mkonge, nyingi zilikuwa na dainamo ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya umeme wa magari, pipa refu la chuma lenye kaboni na nyaya ndani, na regyuleta yake imefungwa mbali nayo kwenye boksi. Ukiichomolea dainamo betri inapozunguka unaweza kuunguza balbu za taa, lakini yenyewe kwa kawaida inavumilia. Mwaka 1971 ikaja Series III, ambayo iliendelea kutengenezwa hadi 1985, na mahali pa dainamo pakakaa alteneta, zile Lucas 16ACR za ampia 34. Kwa nje kazi ni ileile: inazungushwa na mkanda, inatoa umeme. Kwa ndani hazifanani hata kidogo.

Alteneta inazalisha umeme unaokwenda na kurudi, na betri haiwezi kula umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo mgongoni mwa 16ACR kuna dayodi tisa, vipande vidogo vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Sita zinanyoosha umeme unaokwenda kwenye betri. Tatu ndogo zinailisha rota, ile sumaku ya umeme inayozunguka katikati, kupitia regyuleta iliyofichwa humohumo ndani. Mpangilio wote huo umekusudiwa volti 14 na ushei, na betri ndiyo inayoutuliza: volti zikitaka kuruka, inazimeza.

Sasa ichomoe betri ghafla wakati alteneta inasukuma ampia nyingi. Ampia zile hazina pa kwenda. Sumaku ya rota haififii papo hapo, regyuleta haiwahi kuikata, na kwa sehemu ndogo ya sekunde volti zinapanda. Katika gari la volti 12 zinaweza kupita 80. Kwa macho yetu ni kufumba na kufumbua, kwa dayodi ni muda wa kutosha kabisa kuungua. Hatari inazidi betri ikiwa tupu, kwa sababu hapo ndipo alteneta inasukuma kwa nguvu zaidi. Yaani gari linaloletwa kwa fundi kwa kuwa betri imelala ndilo gari ambalo kipimo hiki kinaliumiza kuliko magari yote.

Haya nayajua leo. Siku Mzee anakuja sikuyajua, na kibaya zaidi sikuwa na hamu ya kuyajua.

Mzee ni bwana shamba mstaafu. Anakaa juu, Kibosho, kwenye migomba na kahawa, na Land Rover yake ni Series III ya petroli aliyoinunua kwenye mnada wa magari ya serikali zamani hizo. Betri ilipoanza kumsumbua aliacha kuhangaika na stata. Jioni anaiegesha ikitazama chini, asubuhi anaachia breki, inateremka yenyewe, anaachia klachi, inawaka. Aliendelea hivyo mpaka mvua za masika zilipoifanya barabara yao kuwa utelezi, mteremko ukageuka hatari, ndipo akashuka mjini.

Alinieleza ugonjwa wa gari kwa ufasaha ambao sijausikia kwa mteja mwingine.

“Fundi, ile taa nyekundu ya chaji haizimi sawasawa. Mchana siioni kabisa. Usiku nikiwasha taa kubwa inawaka kwa mbali sana, mpaka niikinge kwa kiganja ndipo niione.”

Nikamjibu nikiwa nimekwisha kushika spana. “Ndiyo dalili ya alteneta hiyo, Mzee.”

Nisimame hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipopaswa kusimama siku ile. Taa ya chaji si ya kukuarifu tu, ina kazi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, umeme wa betri unapita kwenye balbu yake, unafuata waya mwembamba wa kahawia wenye mstari wa njano hadi kwenye alteneta, na kuipa rota sumaku ya kuanzia. Ndiyo sababu balbu ile ikiungua, kitu cha bei ya karanga, gari linaweza kuacha kuchaji na alteneta isiwe na kosa lolote. Injini ikishawaka, alteneta inajilisha yenyewe. Upande mmoja wa balbu unapata volti 14 na ushei kutoka kwa alteneta, upande wa pili unapata volti za betri kupitia swichi, na kama kila kitu kiko sawa volti hizo zinalingana, au karibu zilingane. Balbu yenye volti sawa pande zote mbili haiwaki. Ikiwaka kwa mbali, pande zile hazilingani. Dayodi iliyokufa inaweza kuleta mwanga hafifu wa namna hiyo, sikatai. Lakini sababu nyingine kubwa ni volti kupotea njiani, kwenye waya au kiungio kilichooza kati ya alteneta na betri, na zinapotea zaidi ampia zikiwa nyingi, kwa mfano taa kubwa zikiwashwa. Mzee alikuwa amenipa jibu karibu lote mdomoni. Kilichobaki ni dakika chache za kupima.

Mimi nilichomoa betri. Gari lilikuwa limewashwa kwa kusukumwa, betri tupu, alteneta inasukuma kila kilichoweza kupita. Nikanyanyua kibano. Injini ikakohoa mara moja, ikazima.

“Unaona, Mzee?”

“Naona, fundi.”

Spana boi wangu, kijana mwepesi wa mikono, alikuwa ameshaanza kulegeza mkanda.

Tukanunua alteneta nyingine iliyofanyiwa ukarabati, kwa fedha ya Mzee ya kahawa. Nikaifunga, gari likawaka, nikamwonyesha dashibodi: taa ya chaji imezima. Nilijisifu moyoni. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na mwenyewe alishaniambia kwamba mchana taa ile haionekani. Sikukumbuka. Alteneta ya zamani nikaisukuma chini ya meza, kwa kuwa desturi yetu kifaa kibovu kinabaki kwa fundi na siku moja kinapanda mizani ya chuma chakavu.

Alirudi baada ya majuma kadhaa. Betri imelala. Sasa fundi aliyebadilisha alteneta kwa kujiamini atasema nini? Nikasema betri imechoka. Na kweli ilikuwa imechoka, maana betri ya asidi ikikaa muda mrefu na chaji nusunusu, bamba zake zinafunikwa na ukoko mgumu wa salfeti na haizirudii tena nguvu zake. Lakini ilichoshwa na ugonjwa uleule nilioshindwa kuutibu, tena majuma mengine iliyateseka baada ya mimi kuliona gari. Akanunua betri mpya. Hapo tayari Mzee alikuwa ametumia fedha ya kutosha kuchora ramani ya umeme wa gari lote upya, na tatizo halijaguswa.

Mara ya tatu alikuja na kitabu.

Kilikuwa kitabu cha ufundi cha gari lenyewe, cha Kiingereza, kimekaa na Land Rover ile tangu enzi za idara, kurasa zimelainika kwa grisi za mikono ya mafundi waliotangulia. Alikuwa amekisoma. Alikifungua kwenye ukurasa wa alteneta, akaweka kidole chini ya mstari alioupigia penseli, na akaniuliza kwa adabu iliyonifanya nitamani angenitukana.

“Fundi, hapa wanasema betri isichomolewe injini ikiwa inazunguka. Wewe ulichomoa. Au mimi ndiye sielewi?”

Nilisoma ule mstari. Haukuwa na utata. Nyuma yangu wateja wawili walikuwa wamenyamaza, na spana boi ameacha anachofanya. Nikasema, “Hicho kitabu ni cha Ulaya, Mzee. Mazingira ya huku ni tofauti.”

Akakifunga taratibu. “Kumbe umeme wa huku unatembea tofauti,” akasema, bila hata kutabasamu. Akaniachia gari, akaacha na kitabu juu ya kiti, akaenda kutafuta daladala ya kupanda Kibosho.

Nikiulizwa kosa langu ni lipi, watu wanadhani nitasema ni betri. Kosa langu ni sentensi ile. Nilipoitamka nilikuwa nimekwisha kuona kwamba kitabu ni cha kweli na mimi siye. Sikudanganya kwa sababu ya fedha, fedha nilikuwa nimekwisha kuila. Nilidanganya kwa sababu ya wale watu wawili kwenye benchi.

Jioni, gereji ikiwa tupu, nilikaa ndani ya Land Rover nikasoma ukurasa ule na uliofuata. Mita nilikuwa nayo siku zote. Niliitumia kuangalia kama fyuzi imekatika, na kuwaonyesha watu volti za betri. Sikuwahi kuitumia kwa lile ambalo kitabu kilikuwa kinalieleza kwa utulivu kabisa: usipime volti ziko ngapi, pima zinapotea ngapi.

Niliwasha injini, nikapandisha mzunguko kidogo, nikawasha taa kubwa. Nyuma ya alteneta, kwenye waya mnene wa kahawia unaotoa umeme, mita ilisoma 14.3. Kwenye vichwa vya betri, 12.3. Nilirudia nikidhani nimeshika vibaya. Halafu nikafanya kama kitabu kinavyosema: ncha nyekundu kwenye alteneta, ncha nyeusi kwenye kichwa chanya cha betri, zote mbili upande wa chanya. Mtu asiyezoea anaweza kudhani ni wazimu, kupima chanya kwa chanya. Waya mzima ungeonyesha karibu na sufuri, na nusu volti ndiyo mwisho wa kuvumilika. Mita ilisimama kwenye volti mbili. Upande wa athi, bodi ya alteneta na kichwa hasi, ulikuwa safi.

Baada ya hapo ni kutembeza ncha tu. Waya wa kahawia unatoka kwenye alteneta hadi kwenye solenoidi ya stata, na hapo unakutana na kebo nene ya betri. Mwanzo wa waya hadi karibu na mwisho wake, hakuna kilichopotea. Nilipokiruka kipete kidogo cha shaba kilichobanwa mwishoni mwa waya, volti mbili zote zikajitokeza. Plastiki ya hapo ilikuwa imebadilika rangi kwa joto. Nikaichana kwa kisu. Ndani kulikuwa na unga wa kijani na nyuzi chache za shaba zilizobaki zimeshikilia. Umeme wote wa gari ulikuwa unapenya hapo.

Nilikata, nikasafisha, nikabana kipete kipya na kukitia risasi. Betri ikasoma 14.1 taa zikiwa zimewashwa. Nikazima taa ya gereji, nikaikinga taa ya chaji kwa viganja viwili, nikatazama. Haikuwa na hata chembe ya mwanga. Kipete kile bei yake haifiki soda.

Ningeweza kuacha kuchimba hapo. Lakini alteneta ya zamani ilikuwa bado chini ya meza, na sasa nilitaka kujua nilifanya nini hasa. Nikaivua kifuniko cha nyuma. Nilitegemea kukuta dayodi zimeungua. Zile tisa zote zilipima vizuri. Regyuleta nzima, kaboni ndefu, beringi haina kelele. Kilichokufa ni kitu kidogo chenye waya mmoja, kimekaa pembeni mwa zile dayodi, kinga ya mruko wa volti ambayo Lucas waliiweka kwenye alteneta hizi. Kazi yake ni kusubiri mtu kama mimi. Volti zikiruka, inajitoa: inaungana moja kwa moja na bodi, alteneta inakosa chakula cha rota, inanyamaza, na vilivyobaki vinapona. Ndiyo maana injini ilizima palepale siku ile. Nilichomwonyesha Mzee kama ushahidi wa ubovu kilikuwa ni kinga ikifanya kazi yake dhidi yangu. Nikauchomoa waya wa ile kinga, nikaifunga alteneta kwenye gari kwa majaribio, ikachaji kama haikuwahi kukutana na mimi.

Waingereza wana utani wa kumwita Lucas Mwanamfalme wa Giza, kwa jinsi umeme wa magari yao ya zamani ulivyokuwa ukiwaangusha. Nilikuwa nimeusikia kwa watalii na kuurudia mara nyingi kwa wateja, nikicheka. Kwa gari hili Lucas hakuwa na hatia yoyote.

Mzee alipokuja kuchukua gari nilimwambia nimekuta waya umeoza. Ni kweli. Sikusema kingine. Akauliza bei, nikamtajia bei ya kazi, akalipa. Nilikuwa nimeirudisha alteneta ya ukarabati mahali pake, na ile ya kwake nimeifunika kwa gunia. Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kwamba gari linachaji, mteja ameridhika, na kwamba kila fundi ana siku zake. Juma lililofuata kondakta wa daladala alishusha mkungu wa ndizi mlangoni pa gereji na kusema umetoka kwa Mzee wa Kibosho, anashukuru, sasa anaegesha popote. Nilizigawa ndizi kwa vijana. Mimi mwenyewe nilipeleka nyumbani kichane, mke wangu akazipika mtori, nikala nusu bakuli nikasema nimeshiba.

Mwishowe nilipanda Kibosho na alteneta yake ndani ya mfuko wa salfeti. Mke wa Mzee alinikaribisha, akaleta kahawa, na ikabidi ninywe kwanza, tuulizane habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kabla sijapata upenyo wa kusema. Nilisema yote kwa mpangilio wake. Kwamba ilikuwa nzima, kwamba niliiharibu mimi, kwamba betri nayo ilikufa mikononi mwangu kwa sehemu, kwamba nilipomwambia kitabu ni cha Ulaya nilikuwa najua ninasema uongo.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Swali lake la kwanza halikuwa nililojiandaa nalo.

“Hii inafanya kazi?”

“Inafanya, Mzee. Nimetoa kinga iliyoungua tu. Nikipata nyingine nitaiweka.”

“Basi irudishe kwenye gari. Ndiyo iliyokuja nalo.”

Ya ukarabati nikaichukua kwa makubaliano, na fedha yake nikairudisha kwa mafungu, kwa sababu sikuwa nayo yote. Betri alikataa katakata nisiilipie. Alisema ile ya kwanza ilikuwa mzee kama yeye. Kuhusu uongo wangu hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Ila kila anapoleta gari, hata kwa balbu ya indiketa, anashuka na kile kitabu na kukiweka juu ya boneti, kimefunguliwa, halafu anakwenda kukaa kwenye benchi.

Kwa Mzee nina pa kwenda. Kwa wengine sina. Nimejaribu kukumbuka magari niliyoyachomolea betri, na ninakumbuka rangi na mizigo kuliko ninavyowakumbuka wenyewe: Datsun ya njano iliyobeba maziwa, Land Rover ya shule, Peugeot 404 ambayo mwenyewe alijivunia kwamba ni aina ileile ya gari aliloshindia Bert Shankland mashindano ya magari ya Safari mwaka 1966 na 1967. Wangapi niliwauzia alteneta ambayo hawakuihitaji, siwezi kujua. Na wapo niliowaambia alteneta ni nzima kumbe mbovu, kwa sababu injini ya zamani ya petroli inahitaji ampia chache tu ili iendelee kunguruma, na alteneta iliyopoteza dayodi moja inaweza kuzitoa vizuri sana. Kwa dizeli za zamani ndiyo aibu kabisa. Dizeli ya Series III ikishawaka haihitaji umeme wowote kuendelea. Unaweza kuivua alteneta ukaiweka mezani na injini isishtuke. Nilikwisha kuzipima dizeli kwa kuchomoa betri, nikatikisa kichwa kwa busara, na kutoa majibu.

Siku hizi naanza na vitu visivyovutia watu. Betri iliyopumzika, 12.6 au pungufu. Mkanda kwa kidole. Swichi wazi, injini imezima, taa ya chaji inawaka au haiwaki. Kisha injini, taa kubwa, na ile chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Mara nyingi ugonjwa unaonekana kabla sijagusa spana, na mara nyingi ni waya. Wateja wengine wanaondoka wakinung'unika kwamba wamelipia kutazamwa.

Spana boi niliyemtaja, yule mwepesi wa mikono, ana gereji yake sasa, mji mwingine, na kazi nyingi kuliko mimi. Ananiletea picha kwenye simu: Noah, IST, magari yenye kontroli boksi ambayo mruko wa volti ukiingia hauli dayodi tu. Kipimo nilimfundisha mimi. Nilimpigia kumweleza habari ya Mzee, yote, pamoja na ndizi. Alicheka kwenye ndizi. Halafu akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja.

“Sasa bosi, mteja mbishi nitamwonyesha nini?”

Nikamwambia amwonyeshe volti mbili. Akasema volti mbili hazionekani. Tukabishana hapo mpaka salio langu likakata, nikampigia tena kwa simu ya mke wangu. Alikubali kununua mita mwezi ukiisha. Kuhusu kuacha kuchomoa betri, alisema ataangalia.